Ufunguo wa Kanuni

Nimetumwa na skuli, Asya. Nisamehe.
Stoo imefungwa tangu Jumanne ile
na ndani mna chaki, mna karatasi za mtihani,
mna mpira ambao watoto wameacha kuuulizia.
Mwalimu mkuu kasema: nenda wewe,
wewe ulikuwa mwenzake mchana na usiku.
Mchana meza moja, usiku jamvi moja,
mimi na fidla yangu inayokwaruza,
yeye na kanuni mapajani.

Nimekaa barazani kwenu, hapa Limbani.
Pazia halitikisiki. Eda yako ina siku thelathini na moja.
Karafuu za jirani zimeanikwa mpaka mlangoni,
nimezivuka kwa kunyanyua kanzu
kama alivyokuwa akizivuka yeye, kachelewa,
"hodi" na "samahani" akizitoa kwa pumzi moja.

Watoto walimcheka: Maalim Mbarouk ana kanuni mbili,
moja ya kutafutia eneo la duara,
moja ya nyuzi sabini na nane.
Akawajibu, "Na zote mbili, ukikosea, huna pa kujificha."
Fimbo hakuwa nayo. Penye kosa
aliandika kwa wino mwekundu, herufi ndogo:
rudi hatua moja.
Hakuandika "umekosa". Hakukata msalaba.
Rudi hatua moja.
Na klabuni, tukiuharibu wimbo pale pale tunapouharibu siku zote,
alinyanyua kidole chenye pete ya kupigia
akasema yayo kwa yayo,
na wazee wa udi, wenye mvi, wakarudi.

Madaftari yaliyobaki nimeyachukua mimi.
Alifika la ishirini na tatu, la Riziki Ussi.
La ishirini na nne nimelifungua kwa kalamu yake
na mkono ukagoma.
Nirudi hatua ngapi, Asya?
Jumatatu tulikula chapati kwa pweza, akalipa yeye.
Jumapili aliazima mwavuli wangu. Siudai.
Jumamosi alikuwa hapa uani anafua nepi za mdogo,
majirani wanachungulia juu ya makuti,
naye anawaimbia bei ya sabuni.
Miaka thelathini na minne:
naigawa, naigawa,
kila nikiigawa inabakisha.

Nyuma ya pazia nasikia chuma kinagongana.
"Mpelekee ami."
Ilham anatoka, miaka minne, nywele nusu zimesukwa
nusu zinangoja.
Mkononi fungu zima la funguo:
wa skuli, wa shaba, umelika meno;
wa nyumba;
na ule mdogo, mdomo wake mraba,
usiojibiwa na kufuli hata moja Wete nzima.

"Wa skuli uchomoe," unasema, na sauti yako
imekuwa ya mtu aliyebeba ndoo, anaogopa kumwaga.
"Huo mdogo umwachie. Analala nao."

Nikachomoa. Ukucha ukanivunjika.
Nikatafuta neno la mtu mzima,
subira, kudra, njia yetu sote,
nikaona yote yamekwisha kupita barazani hapa
siku ya khitma, yakanywa kahawa, yakaenda zake.

Mtoto hakuningoja.
Kila tundu analolikuta hulijaribu:
tundu la kitasa, tundu la mchwa ukutani,
tundu la kanda iliyopasuka,
pua ya paka, paka akakimbia.
Kisha akapanda barazani kwa magoti,
akaniinamisha kichwa kama kitu chake,
akautia sikioni mwangu, polepole, kama alivyoona,
akazungusha.

Akasikiliza.

"Bado," akasema.
"Uko chini kidogo."